Mbegu ya mahindi ya baridi haikuzalishwa kwa ajili ya Mtwara

Kila msimu unapokaribia, hapa Mtwara tunaulizwa swali lilelile: "Mtaalamu, ile mbegu ya Nyanda za Juu inayovumilia baridi tunaipata wapi?" Anayeuliza kayaona mahindi ya ndugu yake kule Njombe, mabua manene, magunzi yamejaa. Anainunua, anapanda, inamtupa. Kisha tunaletewa malalamiko kwamba ni mbegu feki. Mara nyingi mbegu ilikuwa halisi. Imepandwa pasipo pake.

Mahindi asili yake ni Mexico, ni mmea wa joto. Udongo ukishuka chini ya nyuzi 10 hivi, mbegu inanyonya maji lakini haioti, na ukungu unaiozesha humohumo. Kwa hiyo mtafiti huweka mbegu kwenye udongo wa nyuzi 10 wiki nzima, kisha huipeleka kwenye joto la nyuzi 25 na kuhesabu zilizochomoza. Zilizopona ndizo anazozizalisha. Ufaransa, katika miaka ya 1950, mahindi ya kienyeji ya punje ngumu, yaliyozoea baridi ya huko, yalichanganywa na ya Marekani yenye mavuno makubwa, na kilimo cha zao hili kikasogea kaskazini.

Lakini mbegu iliyochaguliwa kizazi baada ya kizazi kwenye mwinuko wa mita 1,500 na zaidi haikupimwa kwa joto letu. Ikishuka pwani huwahi kutoa mbelewele, punje hazipati muda wa kujaa, na ugonjwa wa milia unaikuta haina kinga. Ndiyo maana kuna mbegu kama Staha, iliyotolewa mwaka 1983 kwa ukanda wa chini, inayovumilia milia.

Wenzetu wa Newala husema kwao kuna baridi. Ipo, wakati wa kipupwe, Juni na Julai. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba, na kipupwe kikifika mahindi yamekwisha vunwa. Sasa hiyo baridi inamkuta nani shambani?

Januari moja mama mmoja aliniletea jani lenye kingo za zambarau, akasema limepigwa na baridi. Usiku huo sote tulikuwa tumelala madirisha wazi kwa joto. Rangi ile ni dalili ya upungufu wa fosforasi. Kule milimani baridi huizuia mizizi kuichukua. Kwetu, kwenye mchanga, mara nyingi haipo ya kutosha. Dawa yake ni mbolea ya kupandia, si kubadili mbegu.

Kabla ya kulipa, soma kwenye mfuko mwinuko uliopendekezwa, kwa mita juu ya usawa wa bahari. Kama hukuona, muulize afisa ugani. Hakikisha mfuko una lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, haujafunguliwa, na mbegu haipimwi kwa kopo. Dai risiti yenye jina la mbegu. Ukishapanda, tunza mfuko, lebo, risiti na mbegu kidogo iliyobaki. Mbegu isipoota, toa taarifa kwa afisa ugani wa kata ndani ya siku chache, mkaguzi aione ikiwa bado ardhini. Malalamiko ya Mei, shamba likiwa limefyekwa, hayachunguziki. Kuuza mbegu feki ni kosa chini ya Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, na muuzaji akitiwa hatiani huadhibiwa. Ila kwa mbegu halisi ya Njombe iliyopandwa Mikindani, hakuna wa kushtakiwa.