Dwijing si mto, na wala si sikukuu

Dwijing ni tamasha la utalii na utamaduni wa Wabodo, kabila la huko Assam, linafanyika msimu wa baridi, mwisho wa Desemba kuingia Januari, kando ya mto Aie wilaya ya Chirang, Assam, kaskazini mashariki mwa India. Kuna ngoma, misosi, nguo za kufumwa. Maana ndo hiyo.

Sasa kinachonikera, maana nimeshasikia mara nyingi mno, ni watu kusema "mto Dwijing". Mto huo haupo jamani. Kwa Kibodo dwi ni maji, dwima ni mto, yaani maji makubwa, na dwijing ni ukingo wa mto, kwa hiyo ukisema mto Dwijing umesema mto Ukingo. Na hiyo w usiitamke kama w yetu, ni vokali, kama u lakini midomo umeitanua hujaiviringa. Neno lenyewe lina ndugu zake pale jirani, Wadimasa maji wanaita di, wanaosema Kikokborok kule jimbo la Tripura wanaita twi, na jina Dimasa huwa linafafanuliwa hivi: di maji, ma makubwa, sa mtoto, watoto wa mto mkubwa. Mimi hapa huwa naganda kabisa, yani neno moja la maji limezaa mto, ukingo na jina la watu.

Na ukingo hawajauchagua kwa urembo tu. Mvua zikipiga, Aie unashuka kutoka milima ya Bhutan umefura, huwezi kusimamisha hata kibanda, ila baridi ikiingia maji yanapungua yanaacha mchanga mpana na mawe ya mviringo, na hapo ndo vibanda vinasimama. Ukingo ndo uwanja wenyewe.

La pili ni "sikukuu ya Dwijing". Sikukuu ni siku kuu, inafika yenyewe kila mwaka hata kama hakuna aliyefunga spika, na Wabodo wanayo, Bwisagu, mwaka mpya wao katikati ya Aprili. Dwijing ina jukwaa, ina ratiba, imeandaliwa ili mgeni aje aone, na neno tamasha tangu huko Uajemi lilikotoka lina maana ya kutazama, Wahindi wenyewe wanalo. Kinadada wa Kibodo wakicheza Bagurumba wamevaa dokhona, vazi lao la kujifunga, wanatanua mitandio kama mabawa ya kipepeo, taratibu, nyuma kuna ngoma ndefu ya kham na filimbi ya siphung, hapo wewe ni mtazamaji na si vibaya, eneo lile limepita miaka ya mapigano mpaka mkataba wa amani wa Januari 2020, kwa hiyo mgeni kuja kutazama tu ni jambo kubwa.

Basi sema tamasha la Dwijing, kando ya mto Aie. Ukitaka sikukuu yao subiri Aprili, uulizie Bwisagu.