Jaji anakubali malipo ni madogo, na bado kesi unashindwa

Katika vituo vingi vya afya ya akili ya jamii nchini Marekani, kazi hupimwa kwa robo saa. Mhudumu akimtembelea mgonjwa nyumbani, akakaa naye dakika 45, akamsaidia kupanga dawa na kumtuliza, kituo huandika robo saa tatu na kupeleka bili Medicaid, mpango wa serikali wa bima ya afya kwa watu wa kipato cha chini na wenye ulemavu. Muda wa kuendesha gari kwenda na kurudi kwa kawaida hauna bili yake. Huhesabiwa kuwa umo ndani ya bei ya hiyo robo saa. Mgonjwa asipofungua mlango, hakuna cha kuandika. Ndiyo maana senti chache kwenye robo saa zinaweza kuamua kama kituo kitaendelea au kitafungwa, na ndiyo maana viwango hivi hufikishwa mahakamani.

Mashauri haya yanawagusa wengi wetu kuliko inavyodhaniwa. Wahamiaji wengi wanaozungumza Kiswahili, wakiwemo Wakenya wa Minnesota na Wakongo wa Kentucky, wanafanya hizi kazi za kuhudumia watu majumbani, na mishahara yao inatoka humo humo kwenye robo saa. Mazungumzo yakianza, mambo yale yale yasiyo kweli hurudi.

"Washington ndiyo inayopanga bei"

Tangu sheria ya 1965, Medicaid ni ubia wa wawili, serikali kuu na jimbo. Kwa hesabu ya kawaida serikali kuu hulipa kuanzia asilimia 50 ya gharama na haizidi asilimia 83, kulingana na utajiri wa jimbo. Bei hupangwa na jimbo. Likitaka kubadili viwango vyake, huwasilisha marekebisho ya mpango wake kwa CMS, idara ya shirikisho inayosimamia Medicaid. Idara ina siku 90 za kujibu, na hesabu ya siku hizo husimama idara ikiomba maelezo zaidi.

Halafu kuna mtu wa kati. Karibu robo tatu ya wanachama wa Medicaid leo wako chini ya kampuni za bima zenye mkataba na jimbo. Jimbo huilipa kampuni kiasi fulani kwa kila kichwa kwa mwezi, na kampuni hupatana bei na kituo. Malipo ya jimbo kwa kampuni lazima yathibitishwe na wataalamu wa hesabu za bima. Yale ya kampuni kwa kituo hayana sharti kama hilo, isipokuwa jimbo liiagize kampuni ilipe kima fulani cha chini. Kwa hiyo bunge la jimbo linaweza kuongeza fedha na kituo kisizione, na mkurugenzi akiuliza nani kamkata, kila mmoja humnyooshea kidole mwenzake.

"Kiwango kikiwa kidogo, unashtaki na jaji anakipandisha"

Hii ndiyo dhana yenye mizizi mirefu, na ina sababu: zamani ilikaribia kuwa kweli. Mwaka 1980 na 1981 Bunge la Marekani lilipitisha Marekebisho ya Boren, yaliyotaka nyumba za kutunzia wagonjwa na hospitali zilipwe viwango vinavyotosha gharama ambazo taasisi inayoendeshwa kwa uangalifu haiwezi kuzikwepa. Mwaka 1990, katika shauri la chama cha hospitali cha Virginia, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 kwa 4 kwamba watoa huduma wanaweza kulidai hilo mbele ya jaji. Majimbo yakashtakiwa, mengi yakashindwa, magavana wakapiga kelele, na mwaka 1997 Bunge likayafuta. Watu wa afya ya akili ya jamii wakati mwingine huyakumbuka Marekebisho ya Boren kwa uchungu kana kwamba yalikuwa yao. Hayakuwa yao hata siku moja. Kliniki ya mtaani na mhudumu wa kutembelea nyumba hawakutajwa humo.

Walichonacho wao ni kifungu ambacho mawakili hukiita 30(A). Kinataka malipo yaendane na ufanisi, uangalifu wa matumizi na ubora wa huduma. Tangu 1989 kimebeba pia sharti kwamba malipo yatoshe kuvutia watoa huduma wa kutosha, ili mwenye Medicaid apate huduma angalau kwa kadiri wanavyoipata watu wengine wa eneo lake. Kisome kama mkurugenzi ambaye nafasi zake za washauri nasaha ziko wazi mwaka wa pili sasa, utadhani kesi imekwisha kabla ya kuanza.

Idaho iliwaonyesha vingine. Mwaka 2009 watoa huduma za makazi kwa watu wenye ulemavu walilishtaki jimbo hilo. Viwango vyao vilikuwa vimeganda tangu 2006, ingawa tathmini za jimbo lenyewe zilionyesha vinapaswa kupanda. Fedha tu ndizo hazikutengwa. Mahakama ya kwanza ikawapa ushindi. Mahakama ya rufaa ikauthibitisha. Kisha tarehe 31 Machi 2015, katika shauri la Armstrong dhidi ya Exceptional Child Center, Mahakama ya Juu ikaupindua kwa kura 5 kwa 4.

Hapa wengi husoma vibaya. Jaji Antonin Scalia hakuandika kwamba Idaho ilikuwa ikilipa vya kutosha. Aliandika kwamba watoa huduma hawana njia ya kisheria ya kulileta dai hilo. Ibara ya katiba inayoipa sheria ya shirikisho ukuu juu ya sheria za majimbo haimpi mtu haki ya kushtaki, na maneno kama "ufanisi" na "ubora" ni mapana mno kwa jaji kuyawekea mizani. Usimamizi wa jimbo, alisema, Bunge limemkabidhi Waziri wa Afya, ambaye anaweza kulizuilia jimbo fedha za shirikisho.

Nakiri hapa uvumilivu wangu huisha. Jimbo halilipi vya kutosha, na dawa iliyoandikwa ni kulipunguzia fedha. Ni kama kumwona mtoto hajashiba ukamnyang'anya sahani mama yake ili ajifunze kupika zaidi.

CMS imejaribu kuyapa maneno yale mapana vipimo. Kanuni yake ya 2024 inayataka majimbo yachapishe hadharani viwango yanavyolipa moja kwa moja, na kulinganisha baadhi yake, zikiwemo huduma za afya ya akili za mgonjwa wa nje, na vile vya Medicare, bima ya wazee. Jimbo linalotaka kukata malipo yakashuka chini ya asilimia 80 ya Medicare hutakiwa kutoa uchambuzi mzito zaidi. Namba hizo zitasaidia kwenye mabishano ya bajeti. Haki ya kushtaki hazikuirudisha.

"Basi mahakama zimefungwa"

Zimebaki njia nyembamba, na inayopitika zaidi haipitiwi na kituo. Hupitiwa na mgonjwa.

Chukua kaunti ya Washtenaw, Michigan. Mamlaka ya afya ya akili ya jamii ya kaunti hiyo ilikuwa ikiwapa watu wenye ulemavu bajeti ya kuajiri wenyewe wasaidizi wao. Malipo ya msaidizi yalihesabiwa kwa saa, na gharama nyingine kama usafiri, kodi na mafunzo ziliorodheshwa kando. Mei 2015 vyote viliingizwa ndani ya kiwango kimoja cha saa. Kwenye karatasi saa zilibaki zile zile. Lakini gharama zikishatolewa, kilichobaki kwa msaidizi kilipungua, na kumpata mtu wa kuifanya kazi kukawa kugumu.

Kiuchumi ni kisa kile kile cha Idaho. Kisheria ni kingine kabisa, kwa sababu walioshtaki mwaka 2016 walikuwa wenye ulemavu wenyewe pamoja na chama cha kuwatetea, na hawakumwomba jaji apange bei. Walisema Medicaid imewaahidi huduma, tena kwa wakati, na kiwango hiki kinaifanya ahadi iwe hewa. Waliongeza kwamba sheria ya 1990 ya watu wenye ulemavu inakataza kumsukuma mtu kuelekea kwenye taasisi wakati anaweza kuishi kwake. Msingi wa hoja hiyo ni shauri la Olmstead la 1999, la wanawake wawili wa Georgia wenye maradhi ya akili waliobakizwa hospitali ingawa wataalamu waliowatibu walishasema wanaweza kuhudumiwa katika jamii. Oktoba 2020 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Sita iliruhusu madai yao makuu yaendelee.

Mlango huo nao unazidi kubanwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilikubali, kwa kura 7 kwa 2, kwamba wakazi wa nyumba za wazee wanaweza kudai mahakamani haki zilizoandikwa kwa ajili yao. Juni 2025, katika shauri la Medina, ikakataa kwa kura 6 kwa 3 kwamba kifungu kinachompa mgonjwa wa Medicaid uhuru wa kuchagua mtoa huduma kinampa pia haki ya kushtaki. Wakili makini sasa huanza kwa kusoma kifungu neno kwa neno akiuliza kama Bunge limemtaja mtu na haki yake, au limeliagiza jimbo tu.

Njia nyingine ni kuliacha jimbo na kuishtaki serikali kuu kwa kutoa kibali bila ushahidi. Nyumba za wazee za Pennsylvania zilifanya hivyo, na mwaka 2013 mahakama ya rufaa ikakubali kwamba CMS iliidhinisha viwango bila kuonyesha msingi wa kuamini ubora hautaathirika. Mahakama za majimbo nazo huweza kuzuia makato yaliyofanywa bila kufuata utaratibu wa kutunga kanuni. Na wapo wenye bahati: vituo vya afya vinavyopata ruzuku ya shirikisho vina fomula ya malipo iliyoandikwa ndani ya sheria yenyewe, kwa hiyo kwa miaka mingi mahakama kadhaa za rufaa ziliviruhusu kuidai. Baadhi ya vituo vya afya ya akili vilifikiwa na kitu kinachofanana na hicho kupitia sheria ya 2014, iliyoanzisha malipo yanayokokotolewa kutokana na gharama halisi, kwa majaribio yaliyoanza 2017 katika majimbo manane, Missouri, Oklahoma na New York yakiwemo.

"Ukishinda, unalipwa malimbikizo"

Kwa jumla, mahakama ya shirikisho haiwezi. Tangu shauri la Edelman dhidi ya Jordan la 1974, katiba inasomwa hivi: jaji wa shirikisho anaweza kuliamuru jimbo lifuate sheria kuanzia sasa, si kuchota hazina yake kulipia jana. Kituo kikipigana miaka minne na kushinda, miaka hiyo minne imekwenda.

"Sheria ya usawa inataka afya ya akili ilipwe sawa na magonjwa mengine"

Sheria hiyo ya 2008 ipo, na kanuni ya 2016 iliifikisha kwa kampuni za bima zinazoendesha Medicaid. Inachokataza ni masharti makali zaidi kwa afya ya akili: idadi ya ziara, vibali vya awali, na hata mbinu ya kupanga bei kuwa kali kuliko ile ya tiba nyingine. Bei zenyewe kutolingana si kosa peke yake. Na jimbo linapolipa lenyewe moja kwa moja, bila kampuni kati, kwa kawaida kanuni hiyo haiwahusu wagonjwa wake.

"Waliozuiliwa malipo lazima waliiba"

Juni 2013 jimbo la New Mexico lilisimamisha malipo ya Medicaid kwa mashirika 15 ya afya ya akili na uraibu, yaliyobeba sehemu kubwa ya huduma hizo jimboni. Ukaguzi uliofanywa na kampuni ya nje ulikuwa umedai yamelipwa zaidi kwa takriban dola milioni 36. Kanuni ya shirikisho haisubiri hatia: yakiwepo madai ya udanganyifu yanayoaminika, jimbo hutakiwa kusitisha malipo mpaka uchunguzi uishe, isipokuwa lione sababu njema ya kutofanya hivyo. Sababu hiyo New Mexico haikuiona kwa mengi ya mashirika haya.

Kituo cha namna hii hakina akiba ya kuishi miezi bila Medicaid, kwa kuwa hapana mteja mwingine wa kuziba pengo. Mashirika mengi yalifunga au yakakabidhi kazi. Jimbo likaleta kampuni tano kutoka Arizona kuchukua nafasi zao, na nyingi kati ya hizo hazikudumu. Wagonjwa waliozoea mshauri mmoja wakakuta mlango ule ule una mtu mwingine, kisha hauna mtu.

Mwanasheria mkuu wa jimbo aliyachunguza mashirika hayo moja baada ya jingine. Kufikia Aprili 2016 yote 15 yalikuwa yameondolewa tuhuma za udanganyifu. Yaliyobaki na nguvu ya kushtaki yalishtaki, na Desemba 2019, chini ya gavana mwingine, jimbo likakubaliana na matano ya mwisho kuyalipa takriban dola milioni 10. Ilikuwa imepita miaka sita na nusu tangu malipo yakatwe.