Kabla hujanunua flashi, fungua pazia kwanza

Wadau, swali ninaloulizwa sana ni ninunue taa gani nipige picha za watu ndani, na jibu langu huwa lilelile, kabla hujatoa hela hebu fungua pazia kwanza. Kazi yangu ni picha za watu, nafanyia hapa Dar, na kwa ngozi zetu hizi nyeusi sijaona flashi ya kubandika juu ya kamera inayoshinda dirisha la kawaida la sebuleni, mradi ujue pa kumweka mtu.

Sababu iko kwenye ngozi yenyewe. Ngozi nyeupe umbo lake unalisoma zaidi kwa vivuli, huku kumeng'aa kule kumeingia giza. Ngozi nyeusi inanyonya mwanga mwingi, kwahiyo shavu, paji, mfupa wa pua unaviona zaidi kwa ule mng'ao unaorudi juu ya ngozi, na mng'ao huo ni kama kioo, unarudisha sura ya taa iliyoupiga. Flashi ndogo inarudi kama nukta nyeupe kali kwenye paji na ncha ya pua, watu wanasema uso umetoa mafuta wanakimbilia poda. Dirisha lenyewe ni pana, linarudi kama mng'ao mpana laini unaoanzia kwenye shavu mpaka kwenye taya, na mtu ni yuleyule na mafuta aliyojipaka ni yaleyale.

Sasa umbali. Kosa ninaloliona kwa wengi ni kumkalisha mtu kwenye kochi ukutani, mbali na dirisha, halafu wanalalamika simu inatoa chenga. Mlete mpaka abaki kama mita moja hivi na dirisha. Ukimrudisha mita mbili mwanga unapungua sana, kwa dirisha dogo unakaribia kubaki robo tu, na si kupungua peke yake, unakuwa mgumu pia kwasababu dirisha likiwa mbali ni dogo machoni pake. Ila asikae mbele ya dirisha na wewe ukiwa ndani unamuangalia, utapata kivuli cha mtu tu. Dirisha liwe pembeni yake na lianze mbele kidogo ya uso, asimame pale linapoishia, sio katikati.

Halafu hapo ndio kazi yenyewe inaanza, kugeuza uso. Juzi nilikuwa nampiga bibi mmoja kwake, kajifunga kanga zake vizuri, kakaa kwenye stuli karibu na dirisha, nikamwambia "Bibi, naomba unifuate kwa pua taratibu, mabega usiyaguse." Akageuka kuelekea dirishani kidogo kidogo, mwanzoni jicho la upande wa ndani lilikuwa jeusi tii, alipoendelea kidogo tu ikatokea pembetatu ndogo ya mwanga chini ya lile jicho, na ndani ya jicho kikaingia kidirisha kidogo cheupe. Pembetatu hiyo wapiga picha wanaiita kwa jina la Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17. Ukiiona mwambie mtu abaki hapohapo. Kama upande wa pili bado ni mweusi kuliko unavyotaka, nunua manila nyeupe steshenari, mtu aishike karibu na shavu lile, nje ya fremu, utaona giza linavyolegea. Na ukitaka uso uwe mkali zaidi, mzee mwenye makunyanzi yake mazuri, weka kitambaa cheusi badala ya manila.

Kwenye kamera kuwa makini na kipimo cha mwanga. Kamera inadhani kila kitu duniani ni kijivu cha kati, kwahiyo uso mweusi ukijaza fremu inaongeza mwanga mpaka ngozi inapauka kama imepakwa jivu, na hiyo naichukia kwa kweli, watu wanatolewa rangi yao. Punguza mwanga kwa kile kitufe cha +/- mpaka -0.7, angalia, ukihitaji nenda -1. Kwenye simu gusa uso halafu vuta kile kijua kushuka chini, na ile mambo ya kulainisha sura uizime kabisa. Mwenye lenzi ya 50mm aanze na f/2.8 (uwazi wa lenzi), 1/125 (kasi ya shata, kwa sekunde), ISO 800 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), hapo arekebishe.

Rangi nayo inasumbua mijini. Zima taa zote za ndani, maana balbu ya njano ni kama 2700K (K ni kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga) na mwanga wa nje mchana unazunguka 5500K, ukichanganya shavu moja linakuwa chungwa lingine bluu na huwezi kulisafisha baadaye. Madirisha ya aluminiamu yenye vioo vya tinted yasukume yafunguke, wavu wa mbu nao kama unatoka utoe. Na angalia ukuta wa jirani! Nyumba zetu zimebanana, kama ukuta wake ni wa kijani na jua linaupiga, basi mteja wako atakuwa wa kijani.

Kuhusu dirisha lipi, maelezo mengi ya mtandaoni yanasema tafuta la kaskazini, hayo yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani ambako jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Dar tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua linatuhama. Aprili mpaka katikati ya Septemba linapita kaskazini, kwahiyo dirisha la kusini halipigwi na jua kabisa na unapiga kutwa nzima, Novemba mpaka Januari ni kinyume chake, hamia la kaskazini. Kama una dirisha la mashariki tu basi subiri mchana, la magharibi fanya asubuhi, au ning'iniza shuka jeupe jua liishie hapo na shuka lenyewe ndio liwe taa yako. Saa sita mchana kuwa makini na uwanja wa sementi nje, jua likiupiga mwanga unaingia kutokea chini na unamulika kidevu na matundu ya pua, hapo funika nusu ya chini ya dirisha.

Dirisha moja linatosha mtu mmoja, wawili wakibanana. Familia nzima ikija wapeleke barazani, kwenye kivuli cha paa, wakiangalia nje.