Rumba ya Kongo si rumba ya Kuba

Wapenzi wengi wa muziki huamini kwamba rumba ya Kongo ni ile rumba ya Kuba iliyotiwa Kilingala tu. Jina ndilo linalopotosha. Rumba ya Kuba ni ngoma, vijiti na sauti za watu, gitaa halimo. Kilichofika Léopoldville (Kinshasa ya leo) miaka ya 1930 kwenye santuri za GV, mfululizo wa santuri za muziki wa Kilatini zilizouzwa Afrika, kilikuwa hasa son, muziki mwingine wa Kuba, wenye magitaa na tarumbeta, ila kampuni za santuri ziliuuza kwa jina la "rumba". Wakongo wakaushika, wakaupa magitaa yanayojibizana na sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea inayomwinua hata aliyeapa hachezi. UNESCO imeziorodhesha kila moja kivyake kuwa urithi wa utamaduni: ya Kuba 2016, ya Kongo 2021.