Soma santuri pale wimbo unapoishia

Wengi wanaoanza kutafuta santuri ndogo za soul, muziki wa Wamarekani weusi, za miaka ya 1960 huangalia lebo kwanza. Lebo ni karatasi, na karatasi mchapaji yeyote anaiiga. Mimi huinamisha santuri kwenye mwanga nikatazama ule ukanda laini ulio kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Namba na alama zilizopo pale zilitokana na mabamba ya kiwandani, na ndizo zitakazokuambia santuri ilizaliwa wapi.

Kwa nini watu wahangaike hivyo? Mtazame Frank Wilson. Mwaka 1965 alirekodi “Do I Love You (Indeed I Do)” kwa lebo (hapa maana yake chapa ya kampuni ya muziki, si karatasi) ya Soul, tawi la Motown, kampuni ya Detroit, toleo namba 35019. Zikatengenezwa nakala chache za majaribio, kisha toleo likafutwa na karibu zote zikateketezwa. Wilson akabaki nyuma ya kioo cha studio kama mtayarishaji, na huko alifanya makubwa: “Keep On Truckin'” ya Eddie Kendricks, ya 1973, ina mkono wake. Lakini kama mwimbaji alisahaulika, mpaka vijana wa kaskazini mwa Uingereza walipomfufua.

Vijana hao walikesha wakicheza kwenye kumbi kama Twisted Wheel ya Manchester, na baadaye Wigan Casino, iliyodumu tangu 1973 hadi 1981. Walichotaka ni soul ya mwendo wa kasi, hasa ile iliyododa madukani Marekani. Mwandishi Dave Godin ndiye aliyeibatiza Northern Soul, yaani soul ya kaskazini. DJ aliyepata santuri ambayo wenzake hawana alibandika karatasi juu ya lebo na kuandika jina la uongo, wapinzani wasije wakaitafuta. Wimbo wa Wilson ulizunguka hivyo kwa jina la Eddie Foster, ambaye ni mwimbaji mwingine wa kweli kabisa, na nakala feki zikatoka na jina hilohilo. Mwaka 2009 nakala halisi iliuzwa kwa pauni 25,742. Basi ukiletewa “halisi” kwa bei ya viatu, cheka kidogo uendelee na safari. Anayetaka kuusikiliza tu atafute toleo halali la Uingereza la lebo ya Tamla Motown, namba TMG 1170, la 1979.

Turudi kwenye ukanda. Kazi nyingi za Motown zilikandamizwa, yaani plastiki ilishindiliwa kuwa santuri, na American Record Pressing, kiwanda cha Owosso, Michigan, ambacho muhuri wake ni herufi ARP ndogo sana. Kiwanda kiliungua 1972. Muhuri huo hugongwa, kwa hiyo kingo zake ni kali na kina chake kinalingana. Ukiona ARP iliyochorwa kwa mkono unaotetemeka, rudisha santuri kwa mwenyewe. Kiwanda cha Monarch cha Los Angeles kilikuwa na MR ndani ya duara, na pembeni alama ya pembetatu ikifuatiwa na namba ya mfululizo. Upande wa pili hubeba namba ileile na kuongezewa x. Kwa kuwa namba zilikwenda kwa mpangilio, zilinganishe na za santuri nyingine ambayo mwaka wake unajulikana. Lebo ikisema 1965 na namba ikaangukia miaka mitano mbele, basi hiyo imekandamizwa upya.

Kisha angalia malighafi. Monarch walitumia sana stairini, plastiki ngumu inayovunjika upesi, badala ya vinili, plastiki laini ya kawaida ya santuri. Igonge ukingoni kwa ukucha: stairini hulia ta! kavu, vinili hutoa sauti nzito iliyofifia. Usijaribu kuikunja ili kupima, maana stairini haipindi, inapasuka. Lebo yake mara nyingi imegundishwa juu baada ya santuri kutengenezwa, wakati ya vinili hukandamizwa pamoja na santuri. Hata hivyo usihukumu haraka. Wimbo mmoja uliweza kukandamizwa pwani ya magharibi kwa stairini na mashariki kwa vinili, na zote zikawa halali.

Sikio nalo lina kazi. Feki nyingi zilinakiliwa kutoka kwenye santuri nyingine, kwa hiyo utasikia mikwaruzo ambayo jicho haliioni popote kwenye mifereji inamopita sindano. Santuri inang'aa kama kioo lakini inakaanga kama vitumbua: hiyo ni nakala ya nakala.

Bei haifuati uzuri wa wimbo, na hili huwachanganya hata wakongwe. Darrell Banks alitoa “Open the Door to Your Heart” mwaka 1966 kwa lebo ya Revilot. Iliuzika vizuri Marekani, kwa hiyo nakala zipo hadi leo. Nchini Uingereza ilianza kutolewa na lebo iitwayo London, haki zikaenda kwa lebo ya Stateside, na toleo la London likaondolewa. Nakala ya London imewahi kuuzwa kwa pauni 14,543. Wimbo ni uleule, sauti ni ileile. Nunua ya Revilot. Gloria Jones yeye “Tainted Love” yake iliwekwa upande wa pili wa santuri ya lebo ya Champion, mwaka 1965, na haikwenda popote. Kundi la Soft Cell la Uingereza walipoiimba upya 1981 ikafika namba moja Uingereza. Ndiyo maana nasema cheza pande zote mbili kabla ya kupanga bei.

Ukishaipata, usiiharibu. Mifereji ya mono (sauti ya njia moja, si mbili kama stereo) ya wakati ule ni mipana, na sindano ya ncha ya duara ya mikroni 25 hukaa vizuri zaidi kuliko ya mikroni 18 ya stereo. Sindano kali au iliyochakaa hula stairini haraka. Ndiyo sababu santuri nyingi zilizotoka kwa madisko zinafoka sekunde za mwanzo, pale DJ alipokuwa akiivuta nyuma na mbele kutafuta mdundo. Kama kikuza sauti chako kina swichi ya mono, iwashe. Kelele itapungua.

Kuosha: lita 1 ya maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyopatikana kwa kukusanya mvuke, matone 2 ya sabuni ya vyombo isiyo na manukato, kitambaa laini. Futa kwa kufuata mifereji, suuza kwa maji yaleyale bila sabuni, kausha ikiwa imesimama kivulini. Lebo iliyogundishwa isiguswe na maji, itabanduka. Asetoni huyeyusha stairini, usiisogeze karibu. Na kama una zile santuri nzito za taarab za kasi ya mizunguko 78 kwa dakika, spiriti iwe mbali nazo, maana huyeyusha shelaki, ile gundi ya wadudu iliyozitengeneza.