"Anaringia Chakula": Maswali Ninayoulizwa na Wazazi Hapa Mbeya

Binti yangu hashiki chakula. Ni ugonjwa gani huo?

Yapo matatizo ya ulaji, na ni magonjwa ya akili yanayoumiza mwili. Mwenye anoreksia hujinyima kwa hofu ya kunenepa, hata mifupa ikiwa inaonekana. Mwenye bulimia hula kupita kiasi kwa siri, kisha hujitapisha au hunywa dawa za kumfanya aharishe. Wavulana nao huugua.

Mbona kutwa anaangalia picha za mapishi kwenye simu, lakini ndizi na maharage hagusi? Si maringo?

Si maringo, mama. Njaa ya muda mrefu huufanya ubongo uwaze chakula tu. Kati ya 1944 na 1945, huko Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita. Wapo walioanza kukusanya vitabu vya mapishi, watu ambao zamani mapishi hayakuwashughulisha.

Watafiti pia huwalaza wagonjwa kwenye MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, na kuwaonyesha picha za vyakula huku wakipima ubongo. Mimi na wewe tukiwa na njaa, picha ya chipsi mayai huamsha sehemu za tamaa na raha. Kwa wenye anoreksia, tafiti kadhaa zimeona sehemu za hofu, kama amigdala, zikiamka pia. Anatamani na anaogopa kwa wakati mmoja. Sasa wewe unamwambia "acha kuringa, kula"! (Na tafadhali, usiniombe nimwandikie MRI. Hiyo ni ya utafiti; ugonjwa huu tunautambua kwa mazungumzo, mizani na vipimo vya damu.)

Tumeanza na maombi, na shangazi anajua mganga Tukuyu. Tungoje kidogo?

Msingoje. Ombeni mkiwa kwenye daladala mnakuja. Wanaofika kwangu wakiwa wamebebwa mgongoni, karibu wote familia ilijua tangu miezi mingi nyuma. Hedhi ilikata, ikasemwa ni mambo ya masomo. Alivaa sweta mbili, na Julai hapa kwetu nani atashangaa sweta? Akaanguka paredi shuleni, akapewa soda.

Lakini hajakonda sana. Bado tungoje?

Narudia: msingoje. Anayejitapisha anaweza kuwa na uzito wa kawaida kabisa. Kutapika na kuharisha humwaga potasiamu, madini yanayohitajika na moyo, na ikishuka sana moyo hupiga ovyo, unaweza hata kusimama. Tazama mashavu yaliyovimba chini ya masikio, meno yanayolika, makovu kwenye vifundo vya vidole. Akizimia, moyo ukimwenda mbio, au akilegea misuli, ni leo hii. Hata kama ni usiku.

Tumlazimishe ale wali wa kushiba basi?

Hapana! Aliyekaa siku nyingi bila kula, ukimshindilia sahani nzima, madini ya fosfati kwenye damu yaweza kushuka ghafla ikamuua. Hospitali tunamwanzishia kidogo kidogo, tukipima damu.

Tuje na nini?

Kadi yake ya kliniki, tarehe ya hedhi ya mwisho, na lile pakiti la majani ya kupunguza tumbo lililo chini ya godoro. Lipo. Mengi ya majani hayo ni ya kumfanya mtu aharishe tu, na nitaliulizia kabla hujakaa.