Unasema Lidia hakungoja? Soma tena Matendo 16

Kila Kwaresima inapokaribia, ofisi yetu ya katekesi (mafundisho ya imani) hupokea lalamiko lilelile: "Lidia alisikia neno akabatizwa. Mimi nafundishwa mwaka mzima kwa nini?" Tunafurahi kwamba watu wanasoma Maandiko. Basi tusome yote.

Lidia wa Thiatira aliuza vitu vya zambarau Filipi, koloni la Kirumi huko Makedonia. Luka, mwandishi wa Matendo, anamtaja kuwa mcha Mungu, kama walivyoitwa watu wa mataifa waliomwabudu Mungu wa Israeli. Siku ya Sabato alikuwa nje ya lango la mji, kando ya mto, pamoja na wanawake waliokusanyika kusali. Paulo alimkuta huko, tayari anamtafuta Mungu. Akasikiliza, na Bwana akaufungua moyo wake. Luka hasemi ubatizo ulifuata baada ya muda gani! Aliyebatizwa saa ileile ya usiku ni mlinzi wa gereza, na habari yake iko mbele kidogo. Tafadhali tusiwachanganye.

Tena Lidia hakuishia majini. Aliwasihi Paulo na wenzake wakae kwake, na Paulo na Sila walipotoka gerezani walikwenda nyumbani kwake, wakaonana na ndugu.

Moyo wa namna hiyo ndio tunaoutazamia kwa mkatekumeni, yaani anayejiandaa kubatizwa. Kanuni ya 865 ya Sheria ya Kanisa Katoliki inataka mtu mzima aoneshe nia yake mwenyewe, afundishwe vya kutosha na ajaribiwe katika maisha ya Kikristo. Kwa kawaida ibada ya uteuzi wa watakaobatizwa hufanyika Dominika ya kwanza ya Kwaresima, zikafuata ibada za kuwachunguza na kuwaombea, Dominika ya tatu, ya nne na ya tano, kisha ubatizo Mkesha wa Pasaka. Ubatizo wa aliyetimiza miaka 14 hupelekwa kwanza kwa Askofu (kanuni ya 863). Anayetaka cheti cha ubatizo tu kwa sababu ndoa imekaribia, aseme ukweli kwa paroko. Akighushi cheti, kanuni ya 1391 inaagiza aadhibiwe.

Mgonjwa aliye katika hatari ya kufa hangoji Pasaka. Akiwa na ufahamu fulani wa kweli kuu za imani, akaonesha nia kwa namna yoyote na kuahidi kushika amri, abatizwe. Padre asipopatikana, yeyote mwenye nia sahihi anaweza kumbatiza. Parokia ijulishwe mara moja, ili jina liandikwe rejistani.